Mwingereza wa Saa Nne hadi Saa Kumi

Guangzhou, 7 Agosti 2006

Kaka Lusajo,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita mimi ni Mwingereza. Ni Mwingereza wa saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili narudi kuwa Mnyakyusa na kwenda kanisani na shangazi.

Sasa salamu. Ugonile, kaka. Shangazi, yaani mama yako, hajambo. Bega limepona, au ameacha kulitaja. Bado tunakaa chumba kile cha mtaa wa Dengfeng, na kila asubuhi anakwenda soko la Liuhua kuwasumbua wauza nguo. Baba ameandika kutoka Tukuyu: baridi ni kali, bibi anashinda jikoni, ng'ombe mwekundu amezaa jike. Matokeo yangu ya kidato cha sita uliyasikia. Historia nilipata B.

Shangazi anadhani niko darasa la Kichina. Kichina ninajifunza kweli, ila ninajifunza nikiwa nimevaa koti jekundu na kofia ya manyoya inayoshuka hadi kwenye nyusi.

Ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mto kampuni moja inajenga mtaa wa matajiri na kuuita Bustani ya Malkia. Kila nyumba ina bomba la moshi lisilo na jiko chini yake. Kuna kanisa lisilo na mchungaji, la kupigia picha za harusi. Meneja wa mauzo ni Bibi Huang, ambaye sote tunamwita Huang laoban, yaani bosi Huang. Alinikuta nje ya duka la simu nikimsubiri shangazi. Hakuniuliza jina. Alinipima kwa macho kutoka kisigino hadi utosi, akasema, "Mrefu. London?" Nikasema hapana. Akasema, "London," akanipa kadi yake.

Unajua nilivyo. Shuleni nikitajwa jina tu nilitokwa jasho hadi viganjani. Aliponiambia kwamba mlinzi wa Malkia haruhusiwi kusema wala kucheka, nikaona hiyo ndiyo kazi niliyoumbiwa. Siku ya tatu akagundua kwamba najua Kiingereza na historia. Sasa nawatembeza wateja na kuwaeleza masanamu.

Kaka, masanamu hayo. Kuna Nelson, yule amiri wa majeshi ya majini, na ana mikono yote miwili na macho yote mawili. Nilipomweleza Huang laoban kwamba mkono mmoja ulikatika vitani, aliniuliza nani atanunua nyumba mbele ya mtu asiye na mkono. Muuguzi Nightingale yuko langoni na taa yake, imeunganishwa na umeme. Akizimika mlinzi anampiga kofi mgongoni, anawaka. Mfalme Henry wa Nane wamemweka mlangoni mwa kanisa, na maharusi wanamwegemea tumboni wakipigwa picha. Halafu kuna mzungu mmoja mwenye dira, hana jina. Huang laoban aliniuliza ni nani. Nikasema ni mtu aliyekuja kwetu, akaonyeshwa ziwa na watu waliokuwa wakivua samaki humo, akaandika kwamba amelivumbua. Alifikiri kidogo, akasema, "Huyu tumhamishie ofisi ya mauzo."

Ombi langu ni hili. Wewe uko London mwaka wa tatu sasa. Nieleze Mnara wa London ulivyo, kwa macho yako. Kusema natoka huko ni uongo tayari. Nikikosea na Mnara utakuwa uongo wa pili, na wa pili utaniuma.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu nywila ya barua pepe yangu shangazi anaijua. Ndiye aliyenifungulia.

Mdogo wako,
Dainess

*

London, 2 Septemba 2006

Mpendwa Dainess,

Salamu kutoka makao makuu ya sheria duniani. Mimi ni mzima, nimebanwa na vitabu tu. Pole kwa bibi na baridi. Mwambie baba yako, mjomba wangu, kwamba ndama apewe jina la kisheria.

Nimesikitika kusoma kwamba msichana aliyefaulu historia anavaa manyoya ya dubu na kusimama mlangoni mwa watu. Ingekuwa mama amesikia, sijui. Lakini kwa kuwa umeuliza, na elimu haifichwi, nitakueleza.

Mnara ninaupita kila siku nikienda chuoni. Ukisimama langoni, kushoto kwako ni saa kubwa. Nyuma ya saa ni kasri la Malkia. Kulia ni daraja, na muda wote liko wazi. Mbele amesimama mlinzi juu ya farasi mweupe, na kando yake kuna mama mmoja anauza maua katika kikapu cha bluu. Tumezoeana, nikipita namsalimu. Hewa ni ya kihistoria. Sina zaidi ya kusema. Mahali pakubwa hapaelezeki kwa barua.

Jambo la maana ni mama. Ameniandikia kwamba anataka kuja kwenye mahafali yangu, tarehe 24 Novemba. Wewe uko naye chumba kimoja, mshauri asije. Novemba huku ni baridi ya kuua. Ukumbi ni mdogo, wazazi wengi husimama nje. Na majaji wanaoalikwa hawapendi vigelegele. Mwambie nitamletea picha.

Kaka yako,
Lusajo

*

Guangzhou, 26 Septemba 2006

Kaka Lusajo,

Ugonile. Ndama ameitwa Hakimu. Baba alikuelewa. Bibi ametoka jikoni, joto limeanza.

Shangazi nimemshauri. Alisema baridi haiwezi kumshinda mtu aliyelelewa Tukuyu, na kwamba akisimama nje atapiga vigelegele dirishani. Dorothea, yule fundi wa Bukoba anayeshona juu ya mgahawa, amemshonea gauni la lesi ya bluu na kilemba chake. Viza amekwishapewa kwa barua za biashara yake. Tiketi ni ya tarehe 22 Novemba, na ni ya aina isiyorudishwa. Wafunga marobota wote wa Liuhua wanajua sasa kwamba ana mwana mwanasheria. Wachina wawili wameshaanza kumwita Mama Sheria, na anaitika.

Kazini tumepata matatizo. Bi harusi mmoja aliniuliza kama mfalme huyu alikuwa mume mwema. Mimi sikutaka kudanganya. Nikasema alioa wake sita. Wawili aliwaacha, wawili aliwakata vichwa, mmoja akafa kwa uzazi, na wa mwisho alinusurika kwa kuwa yeye mfalme alitangulia kufa. Bi harusi akamwangalia bwana harusi. Bwana harusi akamwangalia mfalme. Huang laoban aliniita pembeni. "Kuanzia leo utasema alioa mara sita kwa sababu aliiamini sana ndoa." Nasema hivyo sasa, na nikisema nashusha kofia.

Nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikamkumbuka yule mama wa maua.

Kaka, mimi namfahamu. Nilikuwa nampangusa vumbi kila Jumamosi. Yuko kwenye mkebe wa biskuti wa bibi, ule wa kuwekea sindano na vifungo, pamoja na saa, kasri, daraja lililo wazi na farasi mweupe, vyote vimesongamana ili vienee kwenye kifuniko. Ulipompita asubuhi ukamsalimu, alikuwa na pua? Kwenye mkebe wetu kutu imeila tangu niko darasa la tatu.

Nimekwenda maktaba ya chuo cha Zainabu, Mzanzibari mwenye udhamini wa masomo, anayeabudu Ijumaa lakini hucheka siku zote na sisi. Nimeangalia ramani. Saa kubwa haiko karibu na Mnara. Iko mbali, upande mto unakotokea.

Sikucheki. Au nimecheka kidogo, halafu nikaacha. Mtu anayeupita Mnara kila siku hahitaji mkebe. Niambie tafadhali. Mwaka wa pili wa chuo uliumaliza?

Dainess

*

London, 18 Oktoba 2006

Dainess,

Habari za siku nyingi. Nilichelewa kujibu, nilikuwa na mafua.

Hakimu anaendeleaje? Je, bibi ameacha kula chumvi kama daktari alivyomwambia?

Ndani ya bahasha kuna picha yangu ya pasipoti. Nimesikia kwamba huko Guangzhou studio za picha zinaweza kila kitu: wanachukua kichwa, wanakiweka juu ya joho la mahafali, nyuma wanaweka jengo la mawe. Na wewe jengo la mawe unalo hapo kazini, tena la Kiingereza. Tengeneza moja kubwa. Tia fremu. Mpe mama kabla ya tarehe 22, mwambie sherehe iliwahishwa na picha imekuja kwa posta. Akishapata picha ya kutundika hatakuwa na haja ya kusafiri.

Usiniulize maswali. Fanya kama dada.

Lusajo

*

Guangzhou, 1 Novemba 2006

Kaka Lusajo,

Ugonile. Hakimu anaruka ua. Bibi anakula chumvi kwa siri na wote tunajua.

Swali langu hukulijibu, kwa hiyo nimejua jibu.

Picha yako ninakurudishia. Nilikwenda nayo studio, nisikufiche. Kijana wa mashine akafanya kazi dakika kumi, na ukatokea umesimama mbele ya kanisa letu una joho na kofia ya pembe nne, umepungua shingo. Ulipendeza. Nyuma ya bega lako la kushoto alionekana mfalme. Nikamwambia afute. Nilikuwa namaanisha mfalme. Halafu nikamwambia afute yote.

Nitakueleza kwa nini, maana nadhani umemsahau mama yako. Wiki iliyopita nilimsindikiza Liuhua. Muuzaji mmoja alimletea suruali mia mbili za jinzi, zote zina lebo ya Ulaya. Shangazi hakuangalia lebo. Alifumba macho, akaingiza kidole gumba ndani ya mshono wa mfukoni, akasema, "Hii ni ya jana, na aliyeishona alikuwa na haraka." Muuzaji akasema ni halisi. Shangazi akasema, "Mwanangu, mimi nauza feki tangu hujaota meno. Feki sina ugomvi nayo. Nagombana na anayeniletea feki akiniita mama."

Kaka, ndiye huyo unayetaka nimpe picha yako.

Na mimi mwenyewe sina haki ya kukuhukumu. Leo asubuhi mteja aliuliza mbona Mwingereza huyu ni mweusi. Huang laoban akajibu bila kupepesa kwamba babu yangu alikuwa ofisa wa Malkia kwenye nchi za jua kali, na jua lile halijatutoka mwilini. Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilisimama tu. Lakini hawa wananunua nyumba na kesho hawanijui. Mama yako ananunua lesi ya bluu.

Andika kweli, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Bado wiki tatu. Usipoandika atafika kwenye ukumbi ambao jina lako halimo, akiwa na kilemba, na atauliza kwa sauti. Unamjua. Atamuuliza kila mtu.

Dainess

*

Croydon, 9 Novemba 2006

Mdogo wangu,

Barua hii inaletwa na mwenzangu anayepitia Hong Kong, ili isichelewe. Naona sasa niandike jina la mahali ninapokaa, si la rafiki anayenipokelea barua.

Sikumaliza mwaka wa pili. Nilirudia mitihani, nikaanguka tena, chuo kikanitoa. Ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani wasipate vidonda. Ninayekaa naye zaidi ni mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa historia. Anajua tarehe zote za wafalme. Jina langu halikumbuki kila siku, lakini akiniona ananyoosha mikono nimvue shati.

Mnara sijaufikia. Kwa treni ni karibu. Siku ya mapumziko nalala. Miaka mitatu, Dainess, na sijaona hata kimoja cha vitu vya kwenye mkebe. Nilipokaa kukujibu nilitafuta London kichwani nikakuta kile kifuniko tu.

Kuna barua ya pili ndani, imefungwa. Ni ya mama. Mpe siku utakayoona inafaa. Mwambie asije kunitazama. Tiketi ikipotea nitailipa.

Nilikuita dada ili unisaidie kudanganya. Nisamehe hilo kwanza.

Lusajo

*

Guangzhou, 18 Novemba 2006

Kaka Lusajo,

Ugonile. Barua hii atakuletea Japheth, mwanafunzi wa hapa anayeruka kesho kwenda London kumwona dada yake. Ameapa kukufikishia mkononi, kwa hiyo mpe chai.

Siku inayofaa sikuiona, nikampa tu, juzi, Liuhua, saa mbili asubuhi kabla sijaenda kazini. Alikuwa amekaa juu ya robota la jinzi. Alisoma bila miwani, karatasi imemkaribia pua. Akamaliza, akaanza upya. Wapagazi wakapita na mikokoteni, wakimpigia kelele asogee, hakusogea.

Halafu akaniuliza, "Huyu mzee anayemwogesha, hana watoto?"

"Anao wawili. Wako Australia. Kaandika kwenye hiyo barua yako, nimeisoma begani mwako."

"Nimeona. Nilitaka kusikia mtu mwingine anasema." Akaikunja barua. "Maji anayapima kwa kiwiko au anatumbukiza mkono tu?"

"Hajaandika, shangazi."

"Hajaandika. Miaka mitatu anatuandikia majaji na hali ya hewa, jambo la maana hajaandika. Mkono wa mfanyakazi umekufa ganzi, hausikii moto. Mzee ataungua."

Usidhani umesamehewa. Kutoka Liuhua hadi Dengfeng alikutukana kwa Kinyakyusa, na mengine sikuyajua, nikayaandika kiganjani nimuulize bibi. Uongo wa chuo aliutukana hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu. Kuanzia darajani alitukana jambo jingine: kwamba ulishindwa na hukumwita.

Jana tulikwenda kwa Dorothea kupunguza gauni. Dorothea akauliza mwanasheria hajambo.

Shangazi akasema, "Mwanangu ni bingwa wa wazee. Waingereza wameshindwa kuwaogesha wazazi wao, wamemwita yeye."

"Si alikuwa sheria?"

"Sheria aliisoma akaona haina watu."

Dorothea akasema hongera. Leo asubuhi mmoja wa wale Wachina alimwita Mama Sheria, shangazi akamrekebisha, akakazania, mpaka Mchina akalishika jina jipya. Kwa hiyo ujue, tangu leo una cheo kingine, na hiki itabidi ukifanyie kazi.

Sasa jambo lenyewe, na ndiyo maana Japheth anakimbia.

Nilimfikishia ujumbe wako, kwamba asije. Akasema tiketi hairudishwi, na yeye haendi kwenye mahafali, anakwenda kwa mtoto wake. Anaondoka tarehe 22, anafika 23. Anwani ya Croydon ameikata kwenye bahasha yako akaishonea ndani ya mkoba. Gauni la lesi amelipakia. Mzee wa historia anamletea soksi nene sita kutoka Liuhua, halisi, amezipima kwa kidole. Anataka akukute hujajiandaa, aione sura yako kabla hujaipanga.

Anataka pia kupelekwa kwenye Mnara. Aliniambia, "Angalau hapo atakuwa anapajua." Kaka, sikumwambia kwamba hujawahi kufika. Barua yako kwake haikuligusa hilo, na ya kwangu haijasomwa na mtu.

Una siku tatu. Panda treni, nenda ukautazame. Kutazama kwa nje ni bure. Ni ngome ya mawe kando ya mto, na jengo la katikati ni jeupe, lina minara minne pembeni. Kuna kunguru wanaofugwa, wamepunguzwa mabawa wasiende mbali. Mle ndani ndimo wake wawili wa mfalme walimokatwa vichwa. Mwonyeshe mahali penyewe, atasimama sana hapo, na atakuwa na ya kusema juu ya mfalme. Daraja liko jirani, usilikose. Saa kubwa utaikuta kwa kufuata mto upande wa machweo, mwendo wa saa nzima kwa miguu yake. Usimwambie iko nyuma ya ukuta. Mama wa maua usimtafute. Ukishafika mara moja, ya pili utatembea kama mwenyeji. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi hapa, na mimi sikuwa hata na Mnara.

Yote haya amenikataza nisikuambie, amenikataza mara mbili, kanishika na sikio. Kwa hiyo sikukuambia. Barua hii ukiisoma ichome, na Japheth hujawahi kumwona. Tarehe 23 mlango ukigongwa usikimbilie, mwache agonge tena. Ukifungua, shangaa, lakini usizidishe, maana atakutazama usoni kama anavyotazama mshono. Nakuomba sana, kaka. Abaki nayo siri yake hii moja.

Mdogo wako,
Dainess